Muulize Shangazi: "Mtoto hakai, nesi anasema uzito upo kijani"

Haya wapendwa, mwezi huu nilishaahidi kujibu mambo ya ujauzito baada ya miaka arobaini, ila simu yangu imejaa meseji za kitu kingine kabisa, wahudumu wa jamii wanawalalamikia manesi, manesi wanawalalamikia wahudumu, wazazi wanawalalamikia wote wawili, na mtoto mwenyewe yuko pale katikati anasubiri wakubwa wamalize. Basi za ujauzito zitangoja. Kwa wageni niseme tu, mi ni nesi mstaafu, nimekaa kliniki ya mama na mtoto miaka 31, sio daktari, kwa hiyo nisiulizwe dozi humu.

*

Shikamoo Shangazi. Mi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Mbagala. Kuna nyumba ya wapangaji napita kila mwezi, ina mtoto wa miezi kumi na moja, mtoto mnene mzuri ila hakai, ukimuweka chini anaanguka upande kama gunia la mkaa. Ukimnyanyua kwa makwapa miguu inakakamaa alafu inapishana. Nikamwambia mama yake ampeleke, akampeleka siku yake ya kliniki, nesi akampima akasema uzito upo kijani mtoto hana shida. Sasa mama anatangaza kwa wapangaji wenzie kwamba namchuria mwanae, na mwenye nyumba kasema nisikanyage tena. Nimekosea wapi? Na hata posho yenyewe bado naisikia tu kwa wenzangu. – Mhudumu, Mbagala

Marahaba mwanangu. Kuona hujakosea, tena umeona vizuri kuliko wengi wenye koti jeupe. Ila kuna sehemu mbili umeteleza na zote zinarekebishika.

Ya kwanza, huyo mtoto umempeleka kwa mdomo. Hebu fikiria siku ya kliniki ilivyo, kina mama wamejaa kwenye benchi mpaka nje kwenye mwembe, nesi ni mmoja au wawili, mtoto anavuliwa anaingizwa kwenye ile kaptula ya mzani ananing'inizwa, namba inasomwa, nukta inawekwa kwenye kadi, chanjo, anaitwa mwingine. Sasa kwenye ile kaptula mtoto anayekaa na asiyekaa wote wananing'inia sawasawa, hakuna mzani duniani unaouliza kama mtoto anajua kukaa. Nesi anamuuliza mama "anaendeleaje?" na mama anajibu "mzima", wala hajadanganya, ni jibu alilokuwa anatamani kurudi nalo nyumbani. Kwa hiyo nesi kasema kweli, uzito upo kijani, na wewe umesema kweli, mtoto hakai. Ukweli wako haukufika dirishani, basi.

Shirika la Afya Duniani walishafuatilia watoto wazima wa nchi mbalimbali wakaona kukaa bila kushikwa mtoto anaanza kati ya miezi minne hivi mpaka tisa na kidogo, na kutembea mwenyewe kuna wa miezi nane na kuna wa kumi na saba na nusu, wote wazima. Ndo maana asiyetembea na miezi kumi na nne simtishi mama yake. Ila miezi kumi na moja hakai, na miguu inapishana kama mkasi, huyo haambiwi "atakaa tu". Ongeza na hivi uangalie ukipata nafasi: ngumi zimekunjwa muda wote wakati mtoto kapita miezi minne, shingo haikazi, au anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka (watu wanafurahi wanasema huyu mashoto, kumbe huo mkono mwingine ndo una shida).

Kinachofanyika sasa ni hiki. Chukua fomu ya rufaa, kama huna chukua karatasi ya daftari, uandike ulichokiona na sio unachokidhani. Usiandike mtindio wa ubongo wala kupooza, hiyo sio kazi yako na wala sio ya nesi wa chanjo. Andika "miezi 11, hakai bila kushikwa, akinyanyuliwa miguu inakakamaa na kupishana". Weka jina lako, namba yako ya simu, na chini uandike NAOMBA MAJIBU. Alafu msiende siku ya chanjo, mwulize nesi siku gani kunakuwa na nafasi, na mkifika mtandike khanga kwenye meza mumlaze mtoto pale aonekane. Nesi akishamwona kwa macho yake hatabisha, atamwandikia kwa daktari, na huko ndo atapatikana wa mazoezi ya viungo. Sikudanganyi kwamba mazoezi yatafuta kila kitu. Lakini mtoto akianza mapema viungo havigandi, mama anafundishwa namna ya kumkalisha na kumlisha asipaliwe, na ubongo wa mtoto wa umri huo bado unajipanga, miaka ya kwanza ndo ya kuukimbilia.

Ya pili ndo iliyokuponza kwa mama. Ulimwambia wapi? Kama ulimwambia pale uani watu wanafua, na mimi ningekufukuza. Habari ya mtoto anaambiwa mama yake chumbani mlango umeegeshwa, tena unaanza na anachoweza mtoto, anacheka, anakutazama, ananyonya vizuri, ndo unakuja "ila nimeona miguu yake imekaza kidogo, na wewe umeona?" Mara nyingi ameona zamani, alikuwa anaogopa tu kuwa wa kwanza kusema. Rudi kwa mjumbe au yule mama anayeheshimika hapo mtaani akupeleke, ukaombe radhi ya kumsemea mbele za watu, sio radhi ya kuona.

Posho mwanangu nakuelewa. Ule mpango wa serikali uliozinduliwa Januari 2024 unalenga wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wafundishwe wote kwa mtaala mmoja na walipwe, sasa kama mtaa wako haujafikiwa nenda kwa mtendaji uulize majina yanapitishwaje, usikae nyumbani unasubiri kuitwa, walioitwa wengi wao walienda kuuliza.

*

Shangazi, nakusoma kila toleo ila leo naomba na sisi utusemee. Mi ni nesi wa zahanati, niko zamu peke yangu, hawa wa kujitolea wananiletea kina mama saba kwa mpigo saa sita mchana wanataka wapite mbele ya waliofika alfajiri, mwingine anamwambia mgonjwa "utapewa dawa fulani" mi nikitoa nyingine nakuwa adui. Mwingine alimtangaza mama mmoja hali yake ya VVU mtaa mzima. Huo ndo ushirikiano? – Nesi aliyechoka, Mkoa wa Lindi

Pole sana mdogo wangu, na kwenye hayo matatu uko sahihi kabisa sina cha kukupinga. Foleni ni foleni labda mtoto awe na degedege au anapumua kwa shida. Dawa asiitaje mtu ambaye sio wa kuandika dawa. Na huyo aliyetangaza siri ya mtu aondolewe, asihamishwe mtaa, aondolewe, mimi kwenye hilo sina huruma hata chembe.

Ila ngoja nikusimulie kitu changu sikipendi. Miaka ya nyuma huko nilikokuwa nafanya kazi kulikuwa na mama mmoja wa kujitolea, alikuwa mpishi wa shule, darasa la saba tu, anakuja na ndala zimejaa vumbi mpaka kwenye goti. Siku moja akaniletea kikaratasi kimekunjwa mara nne, kimeandikwa kwa penseli, "mtoto wa fulani mwaka na nusu nimegonga sufuria nyuma yake mara tatu hakugeuka". Nikakipokea, nikamwambia asante mama, nikakitia kwenye droo. Nilikuwa na watu wengi kama wewe hivohivo. Baada ya miaka miwili na zaidi mtoto akaletwa na bibi yake kwamba ni mkaidi, haitiki akiitwa, anachapwa kila siku na hana neno hata moja. Hasikii. Nilipofungua droo nikakikuta kile kikaratasi chini ya mafomu, kimebaki na mkunjo wake, sikumbuki hata kama nilikisoma mpaka mwisho siku ile. Yule mama mpishi alikuwa amefanya kipimo kizuri kuliko chochote nilichokuwa nacho mle ndani, akanipa mkononi, na mtoto akachapwa miaka miwili kwa kutosikia.

Kwa hiyo nikajiwekea utaratibu mdogo tu, na nakupa bure. Kila rufaa inayotoka mtaani nairudisha na nusu karatasi, maneno mawili matatu: tumemwona, tumempeleka kwa fulani, arudi tarehe fulani, wewe mwangalie hiki. Dakika moja. Wahudumu walibadilika wenyewe, wakaacha kuleta watu saba kwa mpigo maana walichokuwa wanatafuta sio kupita mbele, walikuwa hawana uhakika kama ukimleta mtu bila kumsindikiza atasikilizwa. Na mara moja kwa mwezi, siku ya ripoti, niliwakalisha nusu saa nikawafundisha kitu kimoja, mwezi huu mkanda wa kupima mkono, mwezi ujao dalili za hatari za kichanga, ukiwapa vitu kumi siku moja wanashika sifuri. Na wao wanakufundisha pia, mi nilijua kwamba mama fulani anakosa kliniki kwa sababu mume anaficha kadi, ungenisubirisha dirishani miaka kumi nisingelijua hilo.

*

Shikamoo shangazi. Mke wangu kajifungua wiki tatu zilizopita, mtoto wa kiume, mguu wa kushoto umegeukia ndani unyayo unaangalia juu. Mama yangu anaukanda kila asubuhi kwa maji moto na mafuta ya nazi, anasema hata mjomba alizaliwa hivo ukanyooka wenyewe. Mhudumu wa mtaa kapita anasema twende hospitali wiki hii hii. Si tusubiri arobaini kwanza? – Baba kijana, Temeke

Marahaba baba, hongera ya mtoto. Arobaini ni ya mama kupumzika, mguu hauijui arobaini. Nenda wiki hii, msikilizeni huyo mhudumu.

Huo unaitwa mguu kifundo na sio laana wala mama hakuangalia mwezi uliopatwa. Njia inayotumika karibu dunia nzima ni ya daktari Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Marekani. Mguu unanyooshwa taratibu kwa mkono alafu unafungwa plasta ngumu, lile hogo, kuanzia vidoleni mpaka pajani, wiki inayofuata linatolewa mguu unasogezwa tena kidogo linafungwa jingine, wengi wanamaliza kwa matano mpaka saba. Mara nyingi unafuata mkato mdogo sana wa kano ya kisigino, hogo la mwisho la wiki tatu, ndo wanaingia viatu vyenye kipande cha chuma katikati. Kwa Dar CCBRT pale Msasani wanafanya, anzia kituo chenu cha afya wakuandikie. Mapema ni vizuri kwa sababu kano za kichanga bado laini, akishaanza kutembea kwa ubavu wa mguu inawezekana bado, ila kazi inakuwa kubwa.

Sasa sikia nikwambie pale wengi wanapoangukia, sio kwenye hogo. Ni kwenye viatu. Miezi mitatu ya kwanza vinavaliwa saa 23 kwa siku, baada ya hapo ni usiku na akilala mchana, mpaka afike miaka minne hivi. Na mguu unakuwa umeshanyooka, unapendeza, mtoto analia usiku, bibi anamwonea huruma anavua, "si umepona jamani", na mguu unarudi ulikotoka. Daktari hayupo nyumbani kwako saa nne usiku. Huyo mhudumu wa mtaa yupo karibu, mwombe awe anapita jioni jioni kukuulizieni kiatu, na mama yako mpeni yeye kazi ya kukivalisha, kuanzia hapo ndo atakuwa mlinzi wa hicho kiatu kuliko wewe. Mafuta ya nazi apake, hayadhuru, ila sio siku mnaenda kufunga hogo.

*

Shangazi hujambo, mimi ni wa Kilifi. Kila mwezi huja CHP, mhudumu wa afya wa jamii, na simu yake, aniuliza maswali chungu nzima, juzi akampima mtoto mkono na ule utepe ukaangukia njano, akaniambia nimpeleke hospitali. Mume wangu asema hawa hulipwa kwa kila mtoto wampelekao. Ni kweli? Mtoto ana mwaka na miezi miwili na acheza vizuri tu. – Mama wa watatu

Sijambo mwanangu. Si kweli. Tangu 2023 CHP wa Kenya wanapewa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti, haihesabiwi kwa kichwa cha mtoto, na kila mmoja ana nyumba kama mia moja za kuzunguka, ukigawanya utaona mwenyewe kama hapo kuna utajiri. Yale maswali ya kwenye simu ni ya kuandikisha kaya, ana wajibu wa kuuliza na wewe una haki ya kumwuliza yanakwenda wapi.

Utepe sasa. Kwa mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, hiyo ni leo leo hospitali. Njano ni kuanzia hapo mpaka karibu 12.5. Njano maana yake mtoto ameanza kupungua na bado ana nguvu za kucheza, ndo maana unamwona mzima. Huyo mpeleke kesho akiwa anacheza hivohivo, wampime uzito na urefu waangalie kama ana maambukizi au minyoo. CHP hakukwambia mtoto mgonjwa, amekwambia mkono wake umesoma hivi, na mumeo aende naye huyo CHP akamshike yeye mwenyewe ule utepe aone. Wanaume wakishika kipimo kwa mkono wao maneno yanaisha.

*

Jirani wana mtoto wa miaka sita hivi, nasikia ana ulemavu, hatoki nje, asubuhi wanafunga mlango kwa nje wanaenda sokoni. Mimi ni mtu wa kawaida tu, siji kuonekana mchawi? – Jirani, Mwanza

Piga 116, ni bure, ni simu ya kusaidia watoto na si lazima utaje jina. Au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, au mwenyekiti wa mtaa kama unamwamini. Usivunje mlango na usiwapige picha ukarusha kwenye grupu. Na usiende ukiwa umeshawahukumu, wengi wa hivyo sio wakatili, ni mama mmoja anayeuza nyanya, hana wa kumwachia, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kuna shule zenye kitengo cha watoto kama huyo. Afisa ustawi akifika na mtu wa elimu maalumu mambo yanaweza kugeuka siku hiyohiyo. Ila piga leo, moto ukitokea mle ndani mlango umefungwa kwa nje.

*

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, Muheza. Nina uwanja na mwembe mkubwa, nataka kukusanya watoto wa miaka mitatu minne wa hapa kijijini asubuhi wacheze wakati mama zao wako shamba, na vijana wawili wamekubali kujitolea. Nianzeje? – Mwalimu

Mwalimu wangu shikamoo. Kabla hujatandika mkeka pita kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, maana Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo vya kulea watoto mchana visajiliwe, na ukianza kimyakimya mtoto akianguka kwenye mwembe kesi ni yako. Mwulize pia kuhusu programu ya taifa ya malezi na makuzi, ile ya PJT-MMMAM iliyozinduliwa Desemba 2021, inahusu watoto mpaka miaka minane na inazitaka afya, lishe, elimu na ustawi zikae meza moja, wewe ukiitaja tu pale ofisini utaona wanakuvutia kiti.

Serikali ya kijiji iwajue hao vijana wawili kwa majina, na asiwepo mtu mzima mmoja peke yake na watoto hata kama ni mtoto wa pastor au wa imamu, wawe wawili muda wote, hii inawalinda watoto na inawalinda hao vijana. Mwombe nesi wa zahanati apite mara moja kwa mwezi apime mikono na aangalie kadi za chanjo, watoto watakuwa wamekaa sehemu moja, ni yeye atakushukuru.

Uji muupange na wazazi kabla, kila mmoja alete unga kibaba kwa wiki, usije ukasema utaununua mwenyewe na pensheni, nawajua walimu. Na mambo ya kufundisha a e i o u yaweke pembeni kwanza hata wazazi wakidai daftari. Mtoto wa miaka mitatu aimbe, apange mawe, achote mchanga kwa kifuu, abishane na mwenzie nani aanze, asimuliwe hadithi ya sungura alafu aulizwe "ungekuwa wewe ungefanyaje?" na asubiriwe mpaka amalize kujibu, hapo kwenye kusubiri ndo sisi watu wazima tunafeli.

Choo uwe umeshakikagua mwenyewe, tundu liwe dogo na liwe na mfuniko. Maji ya kunawa kwenye kibuyu chirizi yanatosha. Na ukitengeneza zile kayamba za chupa na maharage funga kifuniko kwa gundi ya moto, harage likiingia puani Muheza mpaka hospitali ya Bombo kule Tanga ni safari, na vile vizibo vya soda watu wanavyopenda kuwapa watoto wahesabu, vifiche mpaka wafike shule.